Futa Kumbukumbu, Ujaribu Tena

Malalamiko ya kwanza yalifika Jumatatu saa nne asubuhi, na Fundi aliyajibu huku akitafuna karanga, maana hayakuwa na jipya. Mwanafunzi alisema video haichezi. Kamduara kanazunguka tu katikati ya skrini, kanazunguka weee, na somo haliji.

"Funga ukurasa, uufungue tena," alisema Fundi kwenye simu.

"Nimefanya."

"Zima kompyuta, uiwashe."

"Nimefanya, dada. Mara mbili."

"Basi futa kumbukumbu za kivinjari, ujaribu tena."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake kubwa. Kivinjari kina tabia ya kujiwekea vipande vya kila ulichokitazama, ili kesho kisihangaike kuvifuata mbali. Vipande hivyo vikizeeka hugombana na vipya, na ukivifuta, mara nyingi ugomvi huisha. Fundi alikuwa na daftari. Kila aliyepiga simu aliandikwa jina, na akishafuta anawekewa tiki. Alizipenda tiki zake kama watu wengine wanavyopenda wajukuu.

Mwanafunzi alifuta, akapata tiki, na video haikucheza. Kabla ya kukata simu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa, "Hivi dada, kompyuta inaweza kunuka mafuta ya cherehani?"

"Hapo umenuka wewe na kazi yako," alisema Fundi, wakacheka wote wawili.

Lilikuwa jibu la haki. Chuo kilifundisha ushonaji kwa mtandao, na wanafunzi wake wengi walikaa na kompyuta huku, cherehani kule. Chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kimoja cha Mkurugenzi, chenye kiti cha ngozi na kalenda kubwa. Kingine cha Fundi, chenye kompyuta tatu, na kwenye kona meza ndefu iliyofunikwa shuka. Kwenye meza ile Mwalimu wa Cherehani alirekodi masomo yake mia na arobaini, kuanzia kupitisha uzi kwenye sindano hadi koti la harusi. Hakuonyesha uso hata siku moja. Ilikuwa mikono yake na sauti yake, nzito kidogo, yenye kucheka katikati ya sentensi. Watu walijifunza kwa mikono lakini walirudi kwa sababu ya sauti.

Mwalimu alikuwa amekufa miezi minane. Wanafunzi waliendelea kumwandikia salamu, kumshukuru, kumwombea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwandikia Mkurugenzi. Hilo lilimkera. Kumwonea wivu aliye hai ni dhambi ya kawaida, lakini kumwonea wivu marehemu ni ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ndio alioumwa bwana yule.

"Watu hawawezi kufundishwa na maiti," alimwambia Fundi. "Toa sauti yake. Tia nyingine. Mikono ibaki, mikono haina jina."

Fundi hakubisha. Akamleta mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Redio tangu akiwa na miaka mitatu, kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akifua, na mume wake alikuwa akisema ndotoni pia anaongea, tena anajijibu. Lakini Fundi hakumpa kazi ile kwa wingi wa maneno. Mama yao alikufa Redio akiwa kigoli, hakuacha hata ukanda mmoja wa sauti, na kadiri Redio alivyokua, sauti ya mama ilihamia kwake nzima nzima, na kikohozi chake, na namna yake ya kuvuta neno la mwisho. Kuna siku Fundi alikuwa akimpigia simu mdogo wake bila shida yoyote, ili amsikie tu akisema "Haloo."

Sasa, wakati kazi ile inaendelea, binti wa Mwalimu alifika ofisini na flashi mkononi. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Naomba somo moja tu, dada. Lolote. Nataka sauti ya mama. Sina nyingine."

Kunakili somo moja kungechukua dakika tatu. Fundi alikuwa anakula.

"Njoo wiki ijayo, mdogo wangu. Leo nimebanwa."

Hakubanwa na chochote isipokuwa sahani. Na wiki ile ndiyo aliyomaliza kutia sauti ya Redio, akahifadhi masomo mapya juu ya yale ya zamani, kwa majina yale yale, ili kurasa za wanafunzi zisivurugike. Kila fundi wa kazi hiyo anajua kwamba hugusi faili la asili kabla hujaweka nakala pembeni. Alijua. Alikuwa na haraka ya mwisho wa juma, basi.

Binti alirudi Jumatatu ile ile ya malalamiko ya kwanza, saa sita mchana.

"Pole, mdogo wangu. Zimeshafutika zote," Fundi alimwambia, macho kwenye skrini.

Binti hakulia. Aliitia flashi yake mfukoni, akasema polepole, "Mama hakuwa mtu wa peke yake, dada. Aliyekuwa naye sasa yuko na mimi. Mimi sina nguvu ya kumtuma, wala ya kumzuia."

Fundi alidhani anazungumzia shangazi.

Kufikia Jumatano walikuwa wamepiga simu wanafunzi hamsini na mmoja, yaani chuo kizima. Fundi aliwabadilisha vivinjari, akawafungulia dirisha la faragha, akawazimisha vidude vya kuzuia matangazo, akawasahihishia saa za kompyuta, akawaambia wengine waazime mtandao kwa jirani. Wote aliwaambia wafute kumbukumbu. Tiki zilijaza kurasa mbili. Video nyingine zote za dunia zilicheza, mipira, harusi, paka waliovaa kofia. Masomo mia na arobaini yalikataa. Na wanafunzi sasa walikuwa hawaulizi tena kuhusu harufu. Walikuwa wanaitaja tu, mwishoni, kwa kunong'ona, kama mtu anavyotaja deni la aibu.

Alhamisi saa nane mchana, jua likiwa limejaa chumbani na wapiga misumari wakigonga chini dukani, Fundi alivaa hedifoni, akafungua somo la kwanza, akaapa hatainuka mpaka ajue.

Kamduara kakaanza kuzunguka. Alikatazama dakika moja, mbili. Dakika ya tatu akasikia kitu kwenye hedifoni, mbali sana, tatatata, kikanyamaza. Akatazama spika, akatazama waya. Tatatata tena, karibu zaidi, na harufu ya mafuta ya cherehani ikapanda kutoka kwenye kibodi, ikiwa na kitu kingine ndani yake, kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Alitaka kuvua hedifoni lakini mikono ilikuwa mizito, na kamduara kale kalikuwa kanazidi kuwa kakubwa, kanazunguka kwa mshindo wa mguu unaokanyaga, mpaka akaona si kamduara tena bali ni gurudumu la cherehani, jeusi, linalong'aa, na nyuma yake ikatokea mikono ya Mwalimu, mikono anayoijua hadi kovu la kidole gumba, lakini vidole vilikuwa virefu kupita vya Mwalimu, vina kiungo kimoja cha ziada kila kimoja, na vilishika uzi ambao haukutoka kwenye kibiringo chochote, ulitoka nje ya skrini, upande wake yeye, ukapita karibu na shavu lake akausikia ukimgusa kama nywele, ukaelekea ukutani, kwenye chumba cha Mkurugenzi.

Mlango ukafunguliwa. Fundi akaruka, hedifoni zikaanguka. Mkurugenzi alikuwa amesimama pale, uso umemvimba kwa hasira, karatasi ya malalamiko mkononi. Akafungua kinywa kugomba.

Kikatoka tatatata.

Akafunga kinywa. Akakifungua tena, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango. Tatatatatata, safi, ya cherehani iliyopakwa mafuta jana. Macho yake yakamtoka. Alijishika koo kwa mikono miwili, akakimbia ngazini, na kila alipojaribu kulia kwa hofu, chini dukani watu waligeuka kutafuta nani anashona. Fundi aliona haya baadaye, lakini moyoni, kwa nukta moja, alisema: stahili yake.

Kisha akamkumbuka mdogo wake.

Alipiga simu. Ilipokelewa, na upande wa pili kukawa kimya, pumzi tu. Redio hajawahi kupokea simu kwa kimya tangu azaliwe. Fundi alichukua pikipiki ya kukodi, akamkuta jikoni amekaa sakafuni, sufuria imeungua motoni, mtoto wake wa kike wa mwaka mmoja anamvuta nguo. Redio akamtazama dada yake, akapanua mdomo, akakaza mishipa ya shingo. Hakutoa hata mkwaruzo. Machozi ndiyo yaliyokuwa yanaongea.

Mganga waliyepelekwa kwake na shemeji, mume wa Redio, alikuwa mama mnene anayeishi ghorofa ya tatu, mwenye miwani na sauti ya mtu anayeuza vitambaa. Hakupiga makelele wala kutikisa chochote. Aliweka sikio kwenye koo la Redio, akasikiliza muda mrefu, kisha akavuta kiti nyuma.

"Nani kati yenu alikata sauti ya maiti?"

Fundi alisogea mbele ya mdogo wake. "Mimi, mama."

"Marehemu amelala, hana habari nanyi. Ila alikuwa na jini, amemrithi kwa mama yake naye kwa mama yake. Jini wa kike. Aliipenda sauti ile kama nyinyi mnavyopenda uhai, alikuwa anakaa ndani yake. Mmembomolea nyumba." Akamwonyesha Redio kwa kidevu. "Sasa amehamia humu, lakini bado hajafunga mlango."

"Atoke vipi?" Fundi alinong'ona.

"Mrudishieni binti sauti ya mama yake. Hata somo moja. Kesho jua likizama, kama hamjarudisha, hii ya mdogo wako ni yake." Mganga akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo. "Na nikwambie ukweli, mwanangu. Jini aliyedhulumiwa hapendi kulipwa. Anapenda kulipiza. Fanya haraka, na usimpe nafasi."

Ijumaa alfajiri Fundi alikuwa ofisini. Alichimba kila diski. Alitumia programu za kufufua vilivyofutwa, zikamletea picha za harusi ya binamu yake na risiti za umeme. Sauti ya Mwalimu haikuwepo popote. Saa nne alikuwa amelaza kichwa mezani, analia kwa sauti, anajitukana, na Redio aliyekuja naye anampapasa mgongo kwa kiganja, yeye aliyepaswa kupapaswa. Kulia kule kulimletea wazo.

Vile vipande. Wanafunzi walioyatazama masomo kabla hayajabadilishwa, vivinjari vyao vilikuwa vimejiwekea vipande vya sauti ya zamani. Mwalimu alikuwa mzima, amegawanyika katika kompyuta za watu, masomo manne hapa, kumi kule.

Alilivuta daftari. Akaanza kuhesabu tiki.

Amefuta. Amefuta. Amefuta. Watu hamsini, na kila mmoja alimfutisha yeye, kwa mdomo wake, kwa upole, hatua kwa hatua, "bonyeza hapo, sasa hapo, ehee, umemaliza." Aliwapigia wote hata hivyo. Walimjibu kwa fahari kwamba walifuata maelekezo. Mmoja alisema amefuta mara tatu, kwa usalama.

Saa nane mchana alifika ukurasa wa mwisho. Jina moja halikuwa na tiki.

Lilikuwa la Bibi Pindo, mzee wa miaka sabini na kitu, mshonaji wa mapazia, mwanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo, aliyeyatazama masomo yote mia na arobaini, mengine mara tano. Jumanne walizungumza saa nzima kwenye simu, Fundi akimtafutia kitufe na bibi akikipoteza, mpaka wakakata tamaa wote. "Mimi hiyo kufuta yenu siiwezi, mwanangu," alisema bibi. "Acha nikae na uchafu wangu."

Fundi alicheka kwa furaha, akambusu Redio kwenye paji la uso. Akapiga simu ya Bibi Pindo. Ilikuwa inatumika. Akapiga tena, inatumika. Hakutaka kusubiri. Akampigia binti wa Mwalimu, akamwambia aje na flashi yake haraka, akampa mtaa na namba ya nyumba, na yeye na mdogo wake wakatoka mbio.

Nyumba ilikuwa mwisho wa uchochoro, mlango wazi, mapazia ya kila rangi yananing'inia sebuleni kiasi kwamba ulipita kwa kuyafunua. Binti alikuwa amefika kabla yao, amesimama ukutani na flashi kwenye ngumi. Bibi Pindo alikuwa mbele ya kompyuta yake kuukuu, ndiyo kwanza anaweka simu mezani, na uso umekunjuka kwa furaha.

"Shikamoo, bibi. Usiguse kitu, tafadhali," Fundi alisema akihema. "Usifute chochote."

"Marahaba, marahaba. Umechelewa, mwanangu! Nimeshafuta." Bibi akapiga makofi. "Wewe ulinishinda, lakini mdogo wako ana subira ya ajabu. Amenishika mkono kwenye simu toka adhuhuri. Bonyeza hapa bibi, sasa hapa bibi, na vichekesho juu, nimecheka mpaka mbavu. Tumemaliza sasa hivi tu." Akachungulia nyuma ya Fundi, akamwona Redio kwenye mlango wa mapazia, sura moja na dada yake, na uso ukamchangamka zaidi. "Ee! Si huyu hapa? Mbona umefika upesi hivyo? Asante sana, mama, Mungu akuweke. Mbona unalia?"

Binti wa Mwalimu aliteleza taratibu ukutani mpaka akakaa chini. Na kwenye kompyuta, kamduara kakaacha kuzunguka, video ikacheza.

Ilicheza bila kukwama hata nukta moja. Mikono ikapitisha uzi kwenye sindano, na sauti ya Redio ikajaa chumba, changamfu, ikichekacheka, ikieleza namna ya kulamba ncha ya uzi ili usitawanyike. Hayakuwa maneno aliyoyasoma Redio. Redio aliisogelea spika, akapiga magoti, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nje bado kulikuwa na jua, lakini halikuwa na faida tena kwa mtu.

Tangu siku hiyo hakuna malalamiko. Masomo yanacheza katika kila kivinjari, kipya na cha zamani, na wanafunzi wameongezeka, wanamsifu mwalimu mpya kwamba ana sauti ya kumtuliza mtu. Mkurugenzi amefunga ofisi yake na haonekani. Jirani zake wanasema amenunua cherehani, maana wanaisikia mchana kutwa. Redio anashinda amevaa hedifoni, anamsikiliza yule mwingine akiongea, wakati mwingine anatabasamu. Mtoto wake amejifunza kuongea kutoka kwenye kompyuta.

Masomo nayo yanaongezeka. Yalirekodiwa mia na arobaini, na wiki iliyopita Fundi aliona la mia na arobaini na tatu. Alilifungua nyumbani kwa Redio saa tano asubuhi, chumba kina mwanga tele, shemeji yake yuko uani. Mikono ilikuwa inakunja kitambaa cheupe kirefu, bila haraka. Sauti ilieleza mikunjo miwili, mitatu, kisha ikanyamaza, ikakohoa kidogo, kikohozi cha mama yake mzazi.

"Kichuna," iliita. "Kichuna wangu, uko wapi?"

Hakuna mtu hai aliyelijua jina hilo, hata Redio. Mama alikuwa akimwita hivyo wakiwa wawili tu, akimsuka nywele, kabla mdogo mtu hajazaliwa. Na kila mtoto hufundishwa na mkubwa wake kwamba ukiitwa na usiyemwona, kaa kimya, uma ulimi ikibidi. Fundi alilijua hilo kama alivyojua kanuni zake zote. Lakini miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu aitwe, na kiu ya mama haina fundi.

"Abee, mama," akaitika.

Shemeji yake anasema alimsikia kutoka uani, na kwamba ilikuwa sauti ya mtoto mdogo. Fundi hajatamka neno tena mpaka leo.